Mzee wa Wigan na vijana wa Tokyo

Billy Robinson alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La pili liliumia akiwa bado mtoto mjini Manchester, Uingereza, na hapo mlango wa ngumi ukafungwa, maana kijana mwenye jicho bovu asingepewa leseni ya ubondia hata angekuwa na ngumi nzito namna gani. Kwa familia ile lilikuwa pigo. Wanaume wa ukoo wao walikuwa wapiganaji tangu enzi za kuzichapa bila glovu, na ami yake, Alf Robinson, alipanda ulingoni kwa ngumi na kwa mieleka pia. Mieleka haina masharti makali ya macho. Ukishamkamata mtu, kifua chako na mikono yako vinakwambia alipo hata taa zikizimika. Kijana akapelekwa huko.

Kwetu jina lake si maarufu. Waliokulia kwenye vibanda umiza, wakitoa shilingi zao kutazama kanda za mieleka kutoka Marekani, watakutajia Hulk Hogan, Ric Flair, The Iron Sheik na Undertaker. Ubishi mkubwa wa kibandani ulikuwa kama wale watu wanapigana kweli au wanaigiza. Robinson anaingia katikati ya ubishi huo, kwa sababu ni mmoja wa waliowakamua jasho Flair na Iron Sheik kabla dunia haijawajua. Miaka karibu 30 baadaye, Robinson akiwa mzee, mmoja wa wanafunzi wake wa Kijapani aliwaangusha ndugu wa familia moja ya Brazil, mmoja baada ya mwingine, katika mapambano ambayo si rahisi kuyaita maigizo. Robinson wa mwanzo na Robinson wa mwisho walikuwa walimu wa aina mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo inanivutia kuliko mikanda yote aliyowahi kuvaa.

Tuanzie Wigan. Ni mji uliojengwa kwa makaa ya mawe na viwanda vya pamba, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, si mbali na Manchester. George Orwell aliutangaza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu ufukara wa wachimba migodi. Wachimba migodi hao walikuwa na mchezo wao wa siku ya mapumziko: mieleka ya kukamatana popote, kwa Kiingereza catch-as-catch-can, juu ya kiuno na chini ya kiuno, huku watazamaji wameweka dau. Ulishinda kwa kumlaza mwenzako mabega yote mawili chini, au kwa kumkunja kiungo mpaka akubali yaishe. Mtindo huo ndio uliotumika kwenye Olimpiki ya mwaka 1904 kule St. Louis, na mieleka huru ya Olimpiki ya leo imetoka humo. Kilichoondolewa ni kule kukunjana viungo. Mieleka ya kulipwa nayo imetoka humo, ndiyo maana Wafaransa, na Wakongo wa Kinshasa, wanaiita catch mpaka leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanamieleka mkongwe wa mji huo, Billy Riley, alijenga banda lake la mazoezi. Lilikuwa banda kweli, si jengo la kupigia picha. Watu wakalibatiza Shimo la Nyoka, jina lililoshika kuliko jina la mwenyewe. Robinson aliingia humo akiwa kijana wa umri wa sekondari, katikati ya miaka ya 1950, akakaa miaka mingi akichubuliwa masikio na watu wa umri wa baba yake. Hakuwa mgeni wa mchezo: mwaka 1957 alitwaa ubingwa wa Uingereza wa mieleka ya ridhaa. Wigan ubingwa wa ridhaa haukumtisha mtu. Karl Istaz, Mbelgiji aliyeshiriki Olimpiki ya London mwaka 1948, alifika kwa Riley akiwa na mwili uliojaa na sifa zilizojaa, akashikishwa adabu na watu wepesi kuliko yeye. Wengi wangechukua treni ya kurudi. Yeye akabaki kujifunza, na baadaye dunia ikamjua kwa jina la Karl Gotch. Japani walifika mahali pa kumwita mungu wa mieleka.

Riley alifundishaje? Kwa maelezo ya Robinson mwenyewe, neno lililosikika zaidi bandani lilikuwa rudia. Ukikosea, rudia. Ukipatia, rudia. Na hakukuonyesha mshiko mmoja kama kitu kinachosimama peke yake. Kila mshiko ulikuja na njia ya kuutoroka, na kila njia ya kutoroka ilikuja na mtego wa kumngoja anayetoroka. Ukimvuta mtu mkono wa kulia, huvuti ili upate mkono huo. Unavuta ili aurudishe kwake, na akiurudisha anakuwa amekupa mguu. Robinson aliichukua falsafa hiyo mpaka uzeeni, na kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 2012, alikiita Physical Chess, kwa sababu kwake mieleka ilikuwa sataranji inayochezwa kwa mwili. Jambo la pili alilolibeba kutoka kwa Riley lilikuwa kwamba mwanafunzi lazima kwanza ajifunze namna ya kujifunza. Bingwa wa miaka 40 aliyekomaa hakumkabidhi kijana mbinu mkononi kama pipi. Alimfanyia, mara mia, mpaka kijana akaanza kujiuliza mwenyewe: huyu alinipata wapi?

Hapa lazima tulimalize lile la vibandani. Mieleka ya kulipwa ni mchezo ambao mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Ilikuwa hivyo kwenye ITV ya Uingereza, iliyoanza kuonyesha mieleka mwaka 1955 na kuifanya ibada ya Jumamosi alasiri kwa mabibi na wajukuu mpaka ilipoikata mwaka 1988. Ni hivyo Marekani mpaka leo. Kinachobaki ni namna ya kufika kwenye matokeo hayo, na mbao za ulingo hazijui kuigiza: mgongo ukipiga, umepiga.

Sasa kama mshindi ameshapangwa, promota anamtaka wa nini mtu anayejua kuvunja mkono? Kwanza, mkanda ni mali. Bingwa anaweza kukutana na mpinzani aliyekubali kushindwa chumbani halafu akabadili mawazo mbele ya watu, na siku hiyo bingwa lazima ajue kujitetea kavu kavu. Pili, palikuwa na vijana wa mtaani waliotoka kwenye viti na kusema hawa waigizaji nitawamaliza mimi. Walihitaji mtu wa kuwapa somo. Tatu, na hapa ndipo palipozaa ukatili mwingi, siri ya biashara ililindwa kwa maumivu. Aliyetaka kuingia kazini alipondwa kwanza, ili hata akikata tamaa asithubutu kwenda kutangaza kwamba mieleka ni uongo. Kule Calgary, Kanada, Stu Hart alikuwa na chumba chini ya nyumba yake ambako vijana waliminywa mpaka wakapiga kelele, na kelele hizo zikawa sehemu ya sifa ya nyumba. Haikuwa tabia ya mtu mmoja. Ulikuwa utaratibu wa kazi.

Robinson alifaa utaratibu huo kwa kila hali. Alikuwa mrefu, mwenye kifua na nyonga za kubeba watu, na alipogeuka kuwa wa kulipwa mwishoni mwa miaka ya 1950 alipanda ngazi haraka. Mwaka 1965 alimpokonya ubingwa wa Ulaya Billy Joyce, kaka yake wa bandani kwa Riley. Ubingwa wa kupangwa, ndiyo, lakini watu wa Wigan walijua thamani ya kumshinda Joyce mbele ya macho yao. Mwaka 1968 akaenda Japani kwa kampuni changa iliyoitwa International Wrestling Enterprise. Huko alifanya jambo lisilo la kawaida. Tangu enzi za Rikidozan, baba wa mieleka ya kulipwa ya Japani, mgeni mzungu kwenye ulingo wa Kijapani alikuwa na kazi moja: kucheza faulo, kumdhulumu Mjapani, kisha apigwe watu wafurahi. Robinson akapewa nafasi ya shujaa. Desemba ya mwaka huo akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa kampuni hiyo, na watoto wa Kijapani wakawa wanamshangilia mtu wa Manchester.

Saini yake ilikuwa ni kumfunga mpinzani mikono yote miwili kwapani, kumnyanyua na kumpitisha juu ya kifua mpaka mgongo wa huyo mwingine ukatua nyuma yake. Yeye mwenyewe alibaki amejikunja daraja, shingo na nyayo tu zikigusa mkeka. Ukitazama picha za zamani angalia nyayo zake. Kisigino hakitangulii kuinuka; kwanza nyonga inaingia chini ya nyonga ya mpinzani, ndipo uzito wote unaondoka. Mikono haibebi kitu. Ndivyo alivyoweza kuwabeba watu wazito kumzidi.

Kutoka hapo akahamia Marekani, kwa promota Verne Gagne wa Minneapolis, mwanamieleka wa chuo aliyekuwa mwenye kampuni na bingwa wa kampuni yake kwa wakati mmoja. Gagne alikuwa na shamba Chanhassen, nje ya mji, na ndani ya shamba ghala lisilo na joto. Majira ya baridi ya mwaka 1972 darasa liliingia humo, na ukiyasoma majina leo unatingisha kichwa. Alikuwamo Ric Flair, kijana mnene wa wakati huo ambaye baadaye alihesabiwa bingwa wa dunia mara 16. Alikuwamo Ken Patera, mnyanyua vitu vizito aliyetoka kuiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya Munich. Alikuwamo Greg, mtoto wa Gagne mwenyewe, pamoja na Jim Brunzell. Na alikuwamo Muirani Khosrow Vaziri, bingwa wa mieleka ya ridhaa, ambaye miaka 12 baadaye, kwa jina la The Iron Sheik, alimwachia Hulk Hogan mkanda pale Madison Square Garden na kuanzisha enzi nzima ya televisheni.

Mwalimu mmoja alikuwa Gagne. Mwingine alikuwa Robinson.

Mazoezi yalikuwa skwati kwa mamia, kukimbia kwenye theluji, kisha kushikana. Flair alitoroka, na ilibidi Gagne amfuate nyumbani kumrudisha. Hilo Flair amelisimulia mwenyewe mara nyingi. Kisa cha Vaziri kina masimulizi zaidi ya moja, ila kiini chake hakibadiliki. Muirani huyo, aliyejiamini kwa haki kabisa maana mieleka halisi aliijua, alipiga magoti na mikono chini katika ile hali ya kujilinda ya Olimpiki. Kwa kanuni alizozoea yeye, mtu akikaa hivyo ukashindwa kumgeuza, yameisha, refa anawasimamisha. Robinson hakuwa na refa. Alimshindilia goti mguuni, na bingwa akatoka pale akichechemea.

Wapenzi wa Robinson husimulia kisa hiki wakicheka, kama ushahidi kwamba ustadi wa Wigan ulizidi wa Olimpiki. Mimi sioni ushahidi wa ustadi wowote hapo. Naona mwalimu aliyeulizwa swali zuri na mwanafunzi wake akajibu kwa goti. Swali lilikuwa: mtu aliyejikunja namna hii unamfunguaje? Riley angelitumia wiki nzima bandani. Robinson wa mwaka 1972 alikuwa na miaka 34, mwili umekomaa, kazi inakwenda, na mtu mwenye nguvu za namna hiyo hana haja ya kueleza kitu. Akitaka mkono, anauchukua. Baadhi ya waliopita ghalani wamemkumbuka kama mtu aliyefurahia kuumiza, na sidhani waliyatoa hewani.

Tutende haki lakini. Ulingoni, mwenzake akiwa wa kiwango chake, Robinson alikuwa fundi wa aina isiyozaliwa mara nyingi. Tarehe 11 Desemba 1975, mjini Tokyo, alikutana na nyota wa Kijapani Antonio Inoki kwa mkanda wa NWF, ushindi mara mbili kati ya tatu, muda saa moja kamili. Kwa zaidi ya dakika 40 walikamatana bila hata mmoja kuangushwa kwa hesabu: mkono unashikwa, unaponyoka, unashika shingo, shingo inateleza, inakuwa mguu. Hakuna kiti kilichorushwa, hakuna damu. Robinson akapata bao la kwanza kwa kumnasa Inoki mgongo kwa mgongo. Inoki akasawazisha muda mfupi kabla ya saa kukatika, akiwa amemzonga mwilini mkono na mguu, na pambano likaisha sare ya 1–1. Wajapani wanaokusanya kumbukumbu za mieleka hulitaja miongoni mwa mapambano bora kuwahi kufanyika nchini mwao. Lilikuwa limepangwa? Ndiyo. Jaribu kulifanya.

Miaka ya 1980 mwili ulianza kumdai. Kila daraja la shingo, kila mtu aliyebebwa kwa nyonga, viliandikwa mahali, na deni likaja kukusanywa nyongani na magotini. Mieleka ya Marekani nayo ilikuwa imegeuka. Promota Vince McMahon alitaka misuli ya kung'aa na maneno ya kipaza sauti. Mzee wa kukamatana hakuwa na soko. Robinson akaacha ulingo, akaishi maisha ya mtu wa kawaida anayetafuta mshahara. Huko ndiko Wajapani walikomfuata.

Mwaka 1991 Nobuhiko Takada na wenzake walianzisha kampuni ya UWFi, iliyouza mieleka isiyo na madoido: mateke, kubebana, kukunjana viungo, na madai kwamba wao ndio wapiganaji wa kweli. Walitaka wazee wenye hati ya kweli nyuma yao, wakawachukua Lou Thesz, Danny Hodge na Robinson. Matokeo ya UWFi nayo yalipangwa, ila mazoezi hayakupangwa. Katika vijana waliokuja kujifunza alikuwamo Kazushi Sakuraba, mwanamieleka wa chuo kikuu kiitwacho Chuo, mpole wa sura, mzaha mwingi, aliyepanda ulingoni kwa mara ya kwanza mwaka 1993.

Mwaka huo huo, kule Denver, Marekani, Royce Gracie wa Brazil alishinda mashindano ya kwanza ya UFC, yaliyokutanisha mitindo tofauti ya mapigano, kwa jujitsu ya familia yake, na dunia ya mapigano ikapinduka. UWFi walijifanya jasiri. Mwaka 1994 mmoja wao, Yoji Anjo, alisafiri mpaka ukumbi wa mazoezi wa Rickson Gracie, Los Angeles, kumtaka pambano, akatoka humo uso umevimba na damu imemtapakaa. Oktoba 1997 Takada mwenyewe, bosi, nyota, sura ya kampuni, akapanda ulingoni Tokyo Dome kupambana na Rickson huyo huyo na kukunjwa mkono raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata wakarudiana na ikawa vile vile. Fikiria aibu hiyo kwa nchi iliyolelewa ikiamini mwanamieleka ndiye mwanamume mwenye nguvu kuliko wote.

Sakuraba ndiye aliyeifuta. Desemba 1997 alishinda mashindano ya UFC yaliyofanyika Japani, akashika kipaza sauti na kuwaambia watu kwamba mieleka ya kulipwa, kwa kweli, ina nguvu. Novemba 1999 akamfunga Royler Gracie. Tarehe 1 Mei 2000, Tokyo Dome, akapigana na Royce kwa raundi sita za dakika 15, dakika 90 jumla, mpaka kona ya Mbrazili ikarusha taulo. Usiku huo huo akarudi tena ulingoni kupambana na Igor Vovchanchyn, mzito wa Ukraine, akasimama naye dakika 15 nyingine kabla kona yake mwenyewe haijasema inatosha.

Pambano la kulitazama polepole, hata hivyo, ni la Agosti 2000 dhidi ya Renzo Gracie. Zimebaki sekunde chache raundi ya pili iishe. Renzo yuko nyuma ya Sakuraba, wote wamesimama, amemzungushia mikono kiunoni. Kwa macho ya mtazamaji Renzo ndiye mwenye nafasi nzuri. Sakuraba anashuka kwa mkono mmoja na kukamata kifundo cha mkono wa Renzo, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, halikuzunguka. Ndivyo wanavyoshika Wigan; gumba lisipozunguka, mkono unavuta kama kulabu na hauchoki upesi. Mkono wake wa pili unapita juu ya mkono wa juu wa Renzo, unazama chini, unatokea na kujishika kifundo chake mwenyewe. Sasa mikono mitatu imefungana umbo la tarakimu 4. Mkono wa Renzo umekuwa mpini, na bega lake ndilo bawaba. Sakuraba anageuza mwili mzima, si mikono tu, wanaanguka pamoja, na wakati wanaanguka kile kiwiko kinapelekwa upande ambao kiwiko hakiendi. Kikatoka mahali pake. Renzo hakugonga mkeka kukubali, refa alikatiza.

Wabrazili wanauita mshiko huo kimura, kwa heshima ya Masahiko Kimura, mwanajudo wa Kijapani aliyemvunja nao mkono Helio Gracie mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. Kwenye banda la Riley ulikuwa mkate wa kila siku, na Robinson aliufundisha popote alipokwenda, kwa kusimama na kwa kulala. Si haki kumpa yeye sifa zote za Sakuraba. Kijana alikuja na miguu ya mwanamieleka wa chuo, alijifunza mateke kwa wenzake wa UWFi, na akili ile ya utundu hakufundishwa na mtu. Lakini kule kukubali kushikwa kiuno ili upate mkono, kumpa mtu nafasi nzuri kwa makusudi na kumngoja aitumie, ni somo la Wigan neno kwa neno.

Mwaka 1999 Yuko Miyato, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa UWFi, alifungua ukumbi wa mazoezi Koenji, mtaa wa Tokyo wenye reli, baa ndogo na maduka ya nguo za mitumba, akauita Snake Pit Japan, yaani Shimo la Nyoka la Japani, na kumweka Robinson kuwa mwalimu mkuu. Mzee akahamia Japani kwa miaka kama kumi. Wakati huo nyonga na magoti yalikwisha pitia mikononi mwa madaktari wa upasuaji, na alitembea kwa fimbo. Hakuweza tena kumbeba mtu. Hata kupiga goti ili aonyeshe jambo ilikuwa kazi.

Nadhani hapo ndipo Robinson alipokuwa mwalimu. Mwili ulipokataa kujibu kwa niaba yake, ilibidi aeleze. Kwenye kanda za semina zake za uzeeni unamwona amesimama juu ya vijana wawili waliokamatana, anawasimamisha katikati ya tendo, anauliza uzito uko mguu gani. Anamsogezea mmoja kiwiko inchi moja tu na kumwambia ajaribu tena, na ghafla yule aliyekuwa chini anaanza kukunja uso kwa maumivu. Ukali haujaisha, sauti bado ni ya Lancashire, mkoa wa kwao, na subira ni fupi. Ila sasa kila kosa lina sababu, na sababu inasemwa kwa sauti. Josh Barnett, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa UFC wa uzito wa juu mwaka 2002, alikaa naye Koenji na hajaacha kumtaja kama mwalimu wake. Alikuwa amekwisha jua kupigana. Alichofuata ni maelezo.

Biashara yenyewe nayo ilikuwa imebadili namna ya kufundisha. Mwaka 2013, miezi michache kabla Robinson hajafariki, WWE, kampuni ya McMahon, ilifungua kituo chake cha mafunzo Orlando, Florida: ulingo saba chini ya paa moja, madaktari wa viungo, chumba cha kujifunzia kusema mbele ya kamera. Mwaka mmoja nyuma, kampuni hiyo ilikuwa imemwajiri Sara Amato kuwa mwalimu wake wa kwanza wa kike, na wanawake waliopita mikononi mwake ndio walioitoa mieleka ya kike kwenye dakika tatu za kujaza muda na kuifanya pambano kuu. Ghala la Chanhassen lisingemfikisha popote mwanafunzi wa namna hiyo, na nasema bila kusita kwamba mtoto wa mtu yuko salama zaidi Orlando. Wazee hunung'unika kwamba kituo kinatoa watu wanaofanana, walioshika hatua kabla ya kushika mtu. Wana hoja, lakini ukiwauliza wangapi waliumizwa ghalani wakarudi kwao kimya, hawana orodha.

Robinson alirudi Marekani akamalizia Arkansas, akizunguka kwenye semina ndogo kufundisha watu wa jujitsu na wapiganaji wa kulipwa. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 2014, akiwa na miaka 75.

Wigan kwenyewe, baada ya Riley kufariki mwaka 1977, mwanafunzi wake Roy Wood alibaki akifundisha watoto mieleka ya Olimpiki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mashindano na medali. Kukunjana viungo kulikuwa kunaelekea kusahaulika pale pale kulikozaliwa. Kisha wageni wakaanza kubisha hodi, Wajapani wakiwamo, wakiuliza kuhusu mishiko ambayo Robinson na Gotch waliwatajia. Wood akafungua tena darasa la watu wazima. Mwaka 2018 Wigan iliandaa mashindano ya dunia ya mtindo wake wa zamani, kwa kanuni za mabega chini au kukubali yaishe, na waliojiandikisha walitoka nchi mbalimbali, wengine wakiwa wamejifunza kwa watu waliojifunza Koenji.